Sare

Mshonaji hakutaka timu yoyote ishinde.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mkono mmoja juu, ameshika antena ya zamani iliyoongezwa waya wa kutundikia nguo. Akiushusha mkono, wachezaji wote ishirini na wawili waligeuka chenga. Akiuinua walirudi kuwa watu, ingawa kila mmoja alirudi na pacha wake pembeni.

King'amuzi kilikuwepo, kimekaa chini ya televisheni na vumbi lake. Kifurushi kilikwisha zamani na mwenye nyumba hakuona sababu ya kukilipia tena. Bahati nzuri fainali ilikuwa ikirushwa bure na televisheni ya taifa, kwa yeyote mwenye antena na bega lisilochoka.

"Wamefika wapi?" aliuliza dada yake kutoka chini ya meza ya cherehani.

"Dakika ya sabini na moja. Moja bila, wa bluu wanaongoza."

"Haya makubwa."

Dada huyo alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa amelala chali chini ya cherehani, spana mkononi, kutu ikimdondokea usoni. Cherehani ilikuwa ya marehemu mama yao, ile ya kukanyaga kwa miguu, ya chuma kitupu. Ilikuwa imekazwa sakafuni kwa nati nne. Mbili zilikuwa zimekubali kufunguka. Mbili bado zilikuwa zinajifikiria.

"Hizi zilikazwa na mtu au na shetani?"

"Na mtu asiyependa vitu visogee."

Dada akapuliza kutu, akaendelea. "Si ungesikiliza redio tu, uje unishikie hapa?"

"Redio inatangaza mpira. Mimi nataka kuona uwanja kwa macho yangu."

Kwa miezi minne, tangu aondoke nyumba hii mikono mitupu, mshonaji alikuwa akishona sare za shule kwa mkono, pindo baada ya pindo, hadi ncha za vidole zikawa kama chujio. Sare arobaini na mbili zilikuwa zinamsubiri. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na mwalimu mkuu alishamwambia kwa upole kwamba kuna mshonaji mwingine mtaa wa pili, ana mashine.

Kelele zikalipuka kwenye televisheni na dirishani kwa pamoja, maana uwanja haukuwa mbali. Mpira ulikuwa umegonga mwamba.

"Limeingia?"

"Limekataa."

"Kwani ukiomba, unaomba nini hasa?"

"Sare," alisema mshonaji. "Wakitoka sare wataongezewa nusu saa."

"Sare za kushona hujamaliza, unaomba nyingine."

Mlango ukagongwa.

Mshonaji akanyoosha mguu, akapunguza sauti ya televisheni kwa kidole gumba, bila kushusha antena. Spana ikatulia.

"Hodi," ilisema sauti ya jirani. "Kuna mtu humo?"

Kwenye kioo mchezaji wa bluu alianguka peke yake, akabaki chini akiugulia bila sauti.

"Mbona kama nasikia mpira?" jirani alijiuliza. Akangoja kidogo, kisha kandambili zake zikasikika zikiburuzwa kurudi zilikotoka.

"Huyu akiingia hatoki," mshonaji alinong'ona.

"Na mdomo wake unamtangulia," dada alisema. Spana ikaanza tena.

Nati ya tatu ilitoka dakika ya themanini na nne. Ya nne haikutikisika. Dada aliimwagia mafuta, akaigonga, akaibembeleza, akamtaja marehemu mama. Dakika ya tisini ikafika. Wakaongezewa nne.

"Nipe robo saa tu," dada alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha.

"Hawana robo saa."

Dakika ya tisini na tatu, mchezaji wa njano aliangushwa ndani ya boksi. Uwanja mzima ukasimama. Mtangazaji akawakumbusha watazamaji kwamba mwamuzi huyu hajatoa penalti hata moja msimu mzima.

"Hatoi," dada alisema kutoka chini ya meza, bila hata kutazama.

Mwamuzi alikimbia hadi pale, akasimama, akaangalia nyasi kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kisha akapuliza filimbi na kunyoosha mkono kwenye doa jeupe.

Dada akatoa kichwa. "Ametoa?"

"Ametoa."

"Huyu huyu?"

"Huyu huyu."

Mpigaji akapiga katikati, kipa akaruka kulia. Moja moja. Mshonaji hakushangilia. Alihamishia antena mkono wa kushoto, akajifuta macho kwa ule wa kulia.

Nati ya nne ilikubali dakika ya nane ya muda wa nyongeza. Wakaiinua cherehani, mmoja huku mwingine kule, wakaipitisha jikoni hadi mlango wa nyuma, ambako mkokoteni wa fundi baiskeli ulikuwa umeegeshwa. Dada akaifunika gunia na kuifunga kamba.

"Twende."

"Nakuja. Nazima televisheni."

Mshonaji alirudi sebuleni. Kioo kilikuwa chenga tupu. Akaiinua antena mara ya mwisho, na mwamuzi akatokea karibu kabisa, yeye na pacha wake, akijifuta jasho na kutazama saa.

"Miaka kumi na moja ya ndoa," mshonaji alimwambia, "leo ndiyo mara ya kwanza umeamua upande wangu."