Mzizi wa Kufunga

Tangu mwezi uliopita sheria inataka milango ya nyumba itii mizizi tu ya maneno yanayosemwa mbele yake. Mzizi wa kwanza kupitishwa ni wa kufunga, na niliupitisha mimi. Kwa miaka sita nililinganisha maneno ya Misri ya kale na mizizi ya Kihindi-Kiulaya yenye maana hiyo, kisha nikaandika kwamba viambishi ni mapambo, mzizi ndio neno.

Jumatatu nilisimama mlangoni pa chumba cha mama na kikombe cha chai.

"Rudisha tu, Rukia. Leo nimefunga."

Mlango ukajikomea baina yetu.

"Nifungulie, mwanangu."

Komeo la pili likaingia. Mlango haukukosea, kufungulia na kufunga mzizi wake ni ule ule.

"Mama, usilitaje tena neno hilo."

"Neno gani? Mbona unanifungia?"

La tatu likaingia.

Nilipiga simu ofisini kwetu. Wakaniambia mzizi wa kuachia makomeo utajadiliwa mwakani. Nikakaa sakafuni nikimsihi anyamaze, naye akanyamaza kweli, mpaka adhana ya magharibi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa naweza kufungua."