Nimesoma

Baba alimpa binti yake simu amtengenezee. "Imenigomea," alisema. "Sijui nimebonyeza wapi."

Binti alikuwa na blogu. Kila Ijumaa aliandika humo habari za vitabu, teknolojia na mambo ya dunia, na wasomaji wake walikuwa wa kuhesabika. Mmoja, aliyejiita Mwashi, kila wiki aliacha neno moja tu: Nimesoma. Binti aliamini ni roboti. Mwezi uliopita alimzuia.

Sasa jina lile lilikuwa kwenye simu ya baba, fundi mwashi mstaafu, ambaye maisha yake yote alitia dole gumba mahali pa sahihi. Mezani palikuwa na daftari la darasa la watu wazima. Ukurasa mzima, kwa penseli iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka: nimesoma, nimesoma, nimesoma.

"Tangu lini, baba?"

"Nilitaka nizoee kwanza, ndipo nikwambie." Akaweka kidole chenye ukucha uliopasuka chini ya maandishi mekundu kwenye simu, akayasoma silabi kwa silabi. "Mwa-ndi-shi a-me-ku-zu-i-a."

Akainua macho.

"Hayo nimeyasoma, mama. Lakini huyo mwandishi si ndiye wewe?"