Ugali wa Sikitu

Mama Chausiku alisimama mlangoni, akatazama ugali uliofurika sinia na maharage yaliyojaa ndoo.

"Bi Mbeyu, kuna harusi hapa sikualikwa?"

Sikitu aliinamisha kichwa. Makao ya watoto yalikuwa yamemtoa alipotimiza miaka kumi na minane, na Bi Mbeyu, afisa ustawi, alihangaika mpaka akampatia chumba hiki. Mama Chausiku, mwenye nyumba, alikubali kumjaribu wiki moja tu. Leo ndiyo siku ya jibu, na Sikitu alitaka kumfurahisha kwa chakula. Akikataliwa, atalala stendi.

"Nisamehe, mama. Nimepika kidogo."

"Hiki ndicho kidogo?"

"Kule makaoni alikuwa wa zamu ya jikoni," Bi Mbeyu alisema, akijizuia kucheka. "Tangu ashike mwiko anapikia watoto hamsini. Kipimo cha watu watatu hakijui."

Mama Chausiku aligeuka, akapaza sauti uani. "Wapangaji! Njooni na sahani zenu, msiniachie msiba huu peke yangu!"

Walikuja wakicheka, wakajaa mkekani. Sikitu aliwapakulia wote, halafu akaenda kusimama ukutani, kama mpishi wa zamu alivyotakiwa, angoje wenzake washibe.

"We, unamngoja nani huko?" Mama Chausiku alijisogeza. "Mpangaji wangu hali wima."

Sikitu aliitazama ile nafasi ndogo kwenye mkeka, akavua kandambili ya mguu mmoja.