Mwavuli wa Ukurasa wa Mwisho

Katika katuni ya Zaina, kila Makame na Faraji walipokaribiana, mchapishaji wake, Mzee Ngwali, aliamuru uchorwe mwavuli mbele ya nyuso zao. Wanaume wawili wanaopendana, alisema, wasomaji watamalizia wenyewe. Basi miaka yote mvua ilinyesha katika hadithi ile, hata kiangazi.

Leo Zaina alileta ukurasa wa mwisho.

"Mwavuli uko wapi, binti yangu?"

"Upo, baba. Tazama chini."

Katika mchoro, mwavuli ulikuwa umepinduliwa na upepo, vyuma juu, unajaa maji matopeni. Na hapo mvuani Faraji ameshika shavu la Makame kwa kiganja kizima, midomo imekutana, macho yamefumbwa, hawana haraka na mtu.

"Unataka watu wanichomee duka la uchapaji?"

"Wasomaji wamengoja, baba. Na hawa wawili wamengoja kuliko wote."

"Basi mwavuli nitauchora mwenyewe!" Mzee akachovya kalamu kwenye wino, akaileta juu ya nyuso zile.

Zaina akalaza kiganja chake juu yao.

"Haya, chora. Anzia kwenye mkono wangu."

Tone la wino likavimba kwenye ncha ya kalamu.