Jani Lenye Migongo Miwili

Devota aligeuza jani la boga, akaligeuza tena. Mishipa ilitokeza pande zote mbili. Miaka mitatu alikuwa akilisaka kwenye majaribio yake huko Kilolo: jani ambalo vinasaba vimesahau kuliambia lipi juu, lipi chini. Sasa analikuta kwenye ungo wa vibarua wa palizi, ndani ya msusa, majani ya maboga ya mboga ya mchana!

"Mama, shina lake liko wapi?"

"Tumeling'oa, mwanangu," alijibu kibarua mmoja aliyekuwa akimenya vikonyo. "Jani lina migongo miwili, huo si ugonjwa? Tukasema lisije likaambukiza mengine."

"Mkalitupa wapi?"

Mama akaelekeza kwa kidevu. Mbuzi alikuwa akitafuna taratibu, ncha moja ya kijani ikining'inia mdomoni.

Devota alikuwa ameshavua viatu, anamkimbilia mbuzi.