Soksi ya Mzee Osvaldi

Kwenye meli ya kwenda koloni jipya, kila kundi lilichemsha donge lake la unga ndani ya mfuko wa kitambaa. Mfuko wa kina Brigita ulipooza na kuchanika, Mzee Osvaldi wa kundi lao alivua soksi yake ya sufu, akaisuuza, akaileta itumike badala yake.

"Nimeifua, binti yangu."

"Kwa maji gani, mzee? Ya kunywa yenyewe yananuka!"

Donge lilitoka na umbo la mguu, kisigino na yote. Brigita alitapika kabla ya kuonja. Lakini maziwa yalishamkauka kwa njaa, na mwanawe alikuwa analia.

"Wewe kula kisigino," alisema mzee. "Kwenye vidole niachie mimi, napajua."

Brigita alifumba macho, akameza. Kisha akampa mtoto titi, huku akivuta uzi wa sufu katikati ya meno yake, uzi usioisha.