Ukanda Shingoni mwa Sili

Kisiwani Marion, kwenye bahari baridi ya kusini, kiongozi wa watafiti alimbana sili kwa wavu, na mwenzake Zintle akaingiza vidole kwenye kidonda cha shingoni mwa mnyama huyo. Ukanda wa plastiki wa kufungia makasha ulikuwa umezama nyamani. Usaha ulimtiririkia Zintle hadi kiwikoni.

"Harakisha, dada, nitatapika!" kiongozi alilalamika.

Zintle alipenyeza mkasi, akakata. Ukanda ulichomoka pamoja na kipande cha ngozi, na sili, alipoachiliwa wavuni, akakimbilia majini.

Kiongozi aliuokota ukanda kwa ncha za vidole, akaurusha baharini.

"Umefanya nini?"

"Si unanuka! Ukanda mmoja tu. Bahari kubwa hii."

Sasa ndipo kichefuchefu kilipompanda Zintle. Alimtazama mtu yule, akageuka, akaingia na viatu vyake kwenye maji ya barafu kuufuata ukanda.